UFUNGUO WA PILI: SOMO KUHUSU NAMBARI ZA UTHIBITISHO KATIKA SIMU



Somo letu la mwezi huu ni la ulinzi. Si ulinzi wa ng'ombe wala wa mahindi shambani, bali ni ulinzi wa akaunti zetu: WhatsApp, barua pepe, eCitizen, na ile ya benki inayofunguliwa kwa simu. Siku hizi vikundi vingi vinaitana mikutano kwa WhatsApp. Michango inatumwa kwa M-Pesa. Karatasi nyingi za serikali zinaombwa kupitia eCitizen. Kwa hivyo simu ya mkono imekuwa mlango wa nyumba nyingi kwa wakati mmoja.

Katika mlango huo kuna kitu kidogo ambacho wengi wetu tunakipokea bila kujua ni kitu gani. Ni ule ujumbe mfupi wenye tarakimu chache, mara nyingi sita, ambao ukikaa dakika kadhaa unaisha nguvu. Wengine huuita OTP kwa sababu ndivyo unavyoandikwa. Sisi katika somo hili tutauita nambari ya uthibitisho. Wakora wanajua kazi yake vizuri sana. Sisi wenyewe ndio hatujui, na hapo ndipo tunapoibiwa.

KUSUDI LA SOMO

Mwisho wa somo hili kila mwanakikundi aweze:
1. Kueleza kwa maneno yake mwenyewe nambari ya uthibitisho ni nini na inalinda nini.
2. Kumtambua mtu anayeiomba nambari hiyo kwa hila, na kumkatalia bila haya.
3. Kuweka kufuli ya pili katika akaunti yake.
4. Kuamua pamoja na wenzake nani atashika funguo za akaunti za kikundi.

Muda: saa moja na nusu. Mkiona ni ndefu, gawanyeni mara mbili.

Vifaa: sanduku la kikundi na kufuli zake, simu mbili au tatu, daftari, kalamu na bahasha moja.

Mchangamshaji asome somo lote kabla ya mkutano. Asiwasomee watu kama hotuba. Aulize, asikilize, kisha aeleze.

SEHEMU YA KWANZA: SANDUKU NA KUFULI ZAKE

Mchangamshaji aweke sanduku la kikundi mahali kila mtu anapoliona. Kisha aulize:

- Kwa nini sanduku letu halina kufuli moja tu?
- Kwa nini anayelala na sanduku nyumbani hapewi funguo?
- Mtu mmoja akipoteza ufunguo wake leo, pesa zimepotea?

Wacha watu wajibu. Majibu yatatoka haraka kwa sababu jambo hili wanalijua. Ufunguo mmoja ukipotea au ukiibwa, sanduku bado limefungwa. Mwizi anahitaji kukusanya vitu kadhaa kutoka mahali mbalimbali kwa wakati mmoja, na hiyo ni kazi ngumu.

Sasa aeleze kwamba akaunti za simu na kompyuta zinalindwa kwa hekima hiyo hiyo. Kuna aina tatu za funguo:

(a) Kitu unachokijua, kama neno la siri au nambari ya siri.
(b) Kitu ulicho nacho mkononi, kama simu yako, laini yako, au kadi ya benki.
(c) Kitu kilicho mwilini mwako, kama alama ya kidole au uso.

Kufuli mbili za kweli ni zile zinazotumia funguo za aina mbili tofauti. Maneno ya siri mawili si kufuli mbili, kwa sababu mtu aliyelipata daftari lako ulimoyaandika ameyapata yote mawili. Ni kama kufunga funguo zote za sanduku kwa kamba moja na kuziacha juu ya sanduku hilo.

Jambo hili si geni kwetu. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, tumekuwa tukitumia funguo mbili kila siku. Ufunguo mmoja ni laini iliyo ndani ya simu, ambayo ni kitu ulicho nacho. Wa pili ni nambari ya siri iliyo kichwani, ambayo ni kitu unachokijua. Mtu akikuibia simu bila kujua nambari ya siri, pesa haziwezi kutoka. Akijua nambari ya siri lakini simu unayo wewe, hazitoki pia. Kadi ya benki kwenye mashine ya kutolea pesa ni vivyo hivyo.

Akaunti za intaneti nazo zimefuata njia hiyo. Unaandika neno la siri kwanza. Kisha kampuni inasema: neno hili ni sahihi, lakini mtu anaweza kuwa amelisikia kwako, wacha tuhakikishe ni wewe. Inatuma nambari kwa laini yako, nawe unaiandika pale. Nambari hiyo ni ushahidi kwamba simu iko mikononi mwako saa hiyo.

SEHEMU YA PILI: KWA NINI MWIZI ANAKUPIGIA

Hapa kuna hesabu ndogo. Nambari ya tarakimu sita inaweza kuwa yoyote kuanzia 000000 hadi 999999. Hizo ni nambari 1,000,000. Zaidi ya hayo, inatumika mara moja tu, inaisha nguvu baada ya muda mfupi, na ukikosea mara kadhaa mlango unafungwa. Mwizi aliyeketi akibahatisha atachoka bure.

Kwa hivyo mwizi wa kawaida habahatishi. Anaomba.

Tulishike neno hili vizuri kwa sababu ndilo kiini cha somo. Kufuli yenyewe ni imara. Mahali palipo dhaifu ni mdomo wetu. Mkora hana njia rahisi ya kuipata nambari isipokuwa wewe umsomee. Ndiyo sababu anatumia sauti nzuri, anataja jina lako, anataja jina la chifu au la mwenyekiti wenu, na anakuharakisha usipate nafasi ya kufikiri.

SEHEMU YA TATU: IGIZO

Watu wawili waigize mbele ya kikundi. Mmoja ni mweka hazina, wa pili ni mpigaji simu. Mkao wao uwe wa kupeana mgongo, kama watu wanaoongea kwa simu.

MPIGAJI: Halo, mama. Habari ya leo?

MWEKA HAZINA: Nzuri, baba. Ni nani mwenzangu?

MPIGAJI: Mama, mimi napiga kutoka ofisi inayoshughulikia mbolea ya ruzuku. Wewe si ndiye mweka hazina wa kikundi cha akina mama pale sokoni?

MWEKA HAZINA: Ndiyo, ni mimi.

MPIGAJI: Vizuri sana. Nimepewa nambari yako na mwenyekiti wenu. Kikundi chenu kimepata magunia ishirini. Lakini orodha inafungwa saa sita, na saa hizi ni saa sita kasoro dakika kumi.

MWEKA HAZINA: Ala! Na hatukuambiwa mapema?

MPIGAJI: Ndiyo maana nimekupigia mwenyewe, mama yangu. Sasa angalia simu yako. Kuna ujumbe umeingia wenye nambari sita. Nisomee hizo nambari niwaandikishe.

MWEKA HAZINA: Ngoja nivae miwani. Naona umeandikwa WhatsApp.

MPIGAJI: Usijali, hiyo ni mashine tu inaandika hivyo. Nisomee haraka, mama, watu wengine wanangoja.

Igizo lisimame hapo. Mweka hazina asisome. Mchangamshaji ageukie kikundi na kuuliza:

1. Mpigaji alijua nini juu ya mama huyu? Angeweza kukijua kutoka wapi?
2. Ni maneno gani yalimfanya mama aharakishe?
3. Ujumbe wenyewe ulimwonya namna gani?
4. Akisoma zile nambari, ni nini kitatokea katika nusu saa inayofuata?
5. Katika kikundi chetu, nani angesoma? Tuseme ukweli bila kuchekana.

SEHEMU YA NNE: MAELEZO BAADA YA IGIZO

Kilichotokea ni hiki. Mkora alifungua WhatsApp katika simu yake, akaandika nambari ya simu ya mweka hazina kana kwamba ni yake. WhatsApp haikumwamini, ikatuma tarakimu sita kwa laini ya mweka hazina. Ndizo mkora anazozitaka. Akisomewa, ataziandika kwake, na papo hapo WhatsApp ya mama itahamia kwenye simu ya mkora.

Baada ya hapo anaandika katika kundi la wanachama, kwa jina la mama: "Wapendwa, nimepata shida hospitalini, nani anaweza kunitumia elfu tano nitarudisha kesho?" Watu watatuma, kwa sababu wanamwamini mweka hazina wao. Pesa zitaenda kwa nambari nyingine, nao wataambiwa ni ya daktari.

Ona basi kilichoibwa. Si pesa za mama, ni jina lake. Kundi linaweza kumaliza mwezi mzima likibishana kama mweka hazina alishirikiana na wezi au hapana. Vikundi vimejengwa juu ya kuaminiana, na ufa wa namna hii ukiingia ni vigumu kuuziba kuliko kurudisha shilingi elfu tano.

Wenye simu ndogo, zile za mulika mwizi, wasijidhani wako salama. Hata kama hujawahi kutumia WhatsApp maishani, mkora anaweza kuifungua kwa kutumia nambari yako ukimsomea zile tarakimu. Kisha atawaandikia watu wako akijifanya wewe, nawe huna habari.

SEHEMU YA TANO: MASWALI MAWILI YA KUJIULIZA

Wengine watauliza: mbona kuna nambari ambazo ni sawa kuzitumia? Mkulima akiletewa vocha ya mbolea ya ruzuku kwa simu, si anakwenda nayo ghalani? Ni kweli. Kwa hivyo tusifundishe woga, tufundishe kupambanua. Kila ujumbe wa nambari ukiingia, jiulize maswali mawili.

La kwanza: NANI ALIANZA?

Kama ni wewe uliyekuwa unaingia katika akaunti yako dakika hii, ulitarajia nambari, basi iandike. Kama ulikuwa unapalilia maharagwe na simu ikalia tu, basi kuna mtu mwingine aliyebisha mlangoni kwako. Nyamaza. Usiisome kwa mtu, usimtumie mtu. Mara nyingine ni mtu amekosea tarakimu moja akiandika nambari yake. Hata hivyo jibu ni lile lile, hupewi wewe wala mimi.

La pili: INAKWENDA WAPI?

Nambari ya uthibitisho inaandikwa na mwenyewe, kwa mkono wake, mahali pale pale alipoanzia. Haisomwi kwa sikio la mtu. Haitumwi kwa ujumbe. Haipigwi picha. Vocha ya mbolea unaipeleka mwenyewe ghalani pamoja na kitambulisho chako, humsomei mtu aliyekupigia njiani.

Angalieni pia mlango wa uongo. Kuna jumbe zinazoleta anwani ya kubonyeza, na ukibonyeza unaona ukurasa unaofanana kabisa na wa benki au wa serikali. Unaandika neno la siri, kisha nambari, na vyote vinaanguka mikononi mwa mwizi. Kwa hivyo usiingie katika akaunti yako kupitia anwani uliyotumiwa. Ingia kwa njia yako unayoizoea.

Swali lingine linaloulizwa sana: je, mfanyakazi wa kampuni ya simu au wa benki akiniuliza? Jibu ni hapana. Haihitaji nambari yako kufanya kazi yake. Wakala wa M-Pesa naye haulizi nambari yako ya siri, unaibonyeza mwenyewe. Safaricom imetangaza kwamba hupigia wateja wake kutoka 0722 000 000. Lakini hata nambari inayoonekana ni nzuri, kanuni haibadiliki: tarakimu hazisomwi. Ukiwa na shaka, kata simu, kisha piga wewe mwenyewe kwa ofisi husika, au uende dukani kwao. Kumkatia simu mtu usiyemjua si utovu wa adabu.

SEHEMU YA SITA: KUWEKA KUFULI YA PILI

Sasa twende kwa vitendo. Wenye simu kubwa wakae na wasio na ujuzi, mmoja kwa mmoja. Mwenye simu ndiye abonyeze, mwenzake aelekeze kwa mdomo tu.

WhatsApp. Kwa WhatsApp, zile tarakimu sita zinazotumwa ndizo kufuli ya kwanza. Kufuli ya pili ni lazima uiweke mwenyewe, na imekuwapo kwa watu wote tangu mwaka 2017. Fungua WhatsApp, ingia kwenye mipangilio, kisha akaunti, kisha uthibitishaji wa hatua mbili. Utachagua nambari yako mwenyewe ya tarakimu sita. Usiweke mwaka wa kuzaliwa wala 123456. Pia utaulizwa barua pepe. Iandike kama unayo, itakusaidia ukisahau. Mara kwa mara WhatsApp itakuuliza nambari hiyo ili usiisahau. Faida yake ni kwamba hata siku ukikosa na kumsomea mkora tarakimu zilizotumwa, bado atakutana na kufuli nyingine ambayo hana ufunguo wake.

Barua pepe ya Google. Ingia katika akaunti, tafuta sehemu ya usalama, kisha uthibitishaji wa hatua mbili. Ukishauweka, mtu akijaribu kuingia kwa simu ngeni ataulizwa uthibitisho wa pili. Wakati mwingine simu yako itaonyesha swali: je, ni wewe unayejaribu kuingia? Kama si wewe, bonyeza hapana, kisha badilisha neno la siri siku hiyo hiyo. Kwa barua pepe, swali hilo likija bila wewe kuanza, ni dalili kwamba mtu tayari amelijua neno lako la siri.

Barua pepe ipewe ulinzi kuliko zote. Mtu akisahau neno la siri la akaunti nyingine, njia ya kulibadilisha mara nyingi hutumwa kwa barua pepe. Mwenye barua pepe yako anaweza kufungua milango mingine mingi.

Programu ya kutengeneza nambari. Kwa wale walio mahali pa mtandao hafifu, kuna njia nyingine ambayo haihitaji ujumbe. Ni programu inayowekwa katika simu, kama Google Authenticator. Siku ya kwanza, kampuni na simu yako hupatana siri moja. Baada ya hapo zote mbili huangalia saa na kupiga hesabu ile ile, na kila sekunde 30 inatoka nambari mpya. Hakuna kinachotumwa, kwa hivyo hata bondeni kusiko na mtandao nambari itatokea. Sharti ni moja, saa ya simu iwe sahihi. Njia hii ina nguvu kuliko ujumbe wa kawaida, kwa sababu mtu aliyeiteka laini yako hapati kitu.

Hilo linatuleta kwenye laini yenyewe. Kuna wezi wanaojaribu kwenda kubadilishiwa laini wakijifanya wewe, ili nambari zote zinazotumwa ziende kwao. Ili wafaulu wanahitaji habari zako: jina kamili, nambari ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa. Basi tuangalie daftari letu la mahudhurio. Vikundi vingi vinaandika humo majina, nambari za simu na nambari za vitambulisho, kisha daftari linapitishwa mkono kwa mkono, linapigwa picha na kutumwa ovyo. Nambari za vitambulisho ziandikwe katika orodha moja tu, nayo ikae sandukuni. Daftari la mahudhurio libaki na jina na sahihi.

Simu yako ikipoteza mtandao ghafla wakati majirani wanao, na kuizima na kuiwasha hakusaidii, usingoje kesho. Azima simu ya jirani, pigia kampuni yako, au nenda dukani kwao siku hiyo hiyo.

SEHEMU YA SABA: AKAUNTI ZA KIKUNDI ZISHIKWE NA NANI

Hapa ndipo vikundi vingi vinapojifungia nje bila mwizi yeyote. Tuchukue mfano. Kikundi kinafungua barua pepe na akaunti ya eCitizen. Katibu ni kijana, anajua mambo, basi anatumia laini yake. Mwaka unaofuata anapata kazi Nairobi, anabadilisha laini. Sasa kikundi kinataka cheti, kinaandika neno la siri vizuri kabisa, na nambari ya uthibitisho inatumwa kwa laini ambayo haiko tena. Mali bila daftari huisha bila habari, na akaunti bila mpango ni hivyo hivyo.

Jadilianeni na kuandika uamuzi wenu katika kumbukumbu za mkutano juu ya mambo haya:

1. Laini. Akaunti za kikundi ziandikishwe kwa laini gani? Ikiwezekana iwe laini ya kazi za kikundi peke yake, iliyosajiliwa kwa jina la mtu anayekaa hapa kijijini. Itiwe salio mara kwa mara, maana laini isiyotumika kwa muda mrefu inaweza kufungwa.

2. Kugawana funguo. Anayejua neno la siri asiwe ndiye anayekaa na simu ya laini hiyo. Katibu akitaka kuingia, anakwenda kwa mwenye simu, wanaingia pamoja. Ndivyo tunavyofanya na sanduku, tusiache desturi nzuri kwa sababu ya simu.

3. Nambari za akiba. Google hukupa nambari kumi za akiba za kutumia siku simu ikipotea, na kila moja hutumika mara moja. Ziandikeni kwa kalamu, ziwekwe katika bahasha, bahasha ifungwe na kutiwa sahihi na watu watatu, kisha ikae ndani ya sanduku. Zisipigwe picha.

4. Makabidhiano. Uchaguzi ukifanyika, viongozi wapya wasipokee mhuri na vitabu peke yake. Wapokee pia orodha ya akaunti, laini iliyoandikishwa, na bahasha. Maneno ya siri yabadilishwe siku hiyo.

5. Wazee na wasiosoma. Mama mzee akitaka kusomewa ujumbe, asimpe simu kila kijana anayepita. Achague mtu mmoja wa nyumbani anayemwamini, na mtu huyo amfundishe jambo moja tu: ujumbe wenye nambari si wa kusomea mtu aliyepiga simu. Kikundi kisimcheke anayeuliza. Anayechekwa leo hatauliza kesho, ataibiwa kimya kimya.

SEHEMU YA NANE: IKIWA MTU AMESHAIBIWA

Haya isiwe. Lakini ikitokea, fanyeni hivi bila kupoteza saa:

Kwanza, wapigieni wanachama kwa simu ya kawaida, au mtume mtoto nyumba kwa nyumba: mtu asitume pesa kwa ujumbe wa fulani.

Pili, mwenyewe aifungue WhatsApp tena kwa nambari yake. Atatumiwa tarakimu sita mpya. Akiziandika, mkora anatolewa papo hapo. Kama mkora alikwisha kuweka kufuli ya pili, mwenyewe ataambiwa angoje siku 7 ndipo aingie bila nambari hiyo. Asikate tamaa, katika siku hizo mkora naye hayuko ndani tena.

Tatu, kama ni pesa za M-Pesa au za benki, pigia kampuni au benki mara moja. Kila dakika ina maana.

Nne, nendeni kituo cha polisi mkaandikishe, na mchukue nambari ya kitabu cha matukio. Msifute ujumbe wowote, ndio ushahidi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 juu ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandao inasema anayeingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa anaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 5, au kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili.

Tano, msimhukumu aliyeibiwa. Aliyedanganywa si mwizi. Mkimtia aibu mkutanoni, wengine watakaodanganywa baadaye wataficha, na mkora atapata muda zaidi wa kufanya kazi yake.

KUMALIZA

Mchangamshaji arudie igizo lile lile, lakini sasa mweka hazina ajibu kama alivyojifunza. Jibu liwe fupi: "Baba, mimi sikuanza jambo hili, na nambari haisomwi. Kwaheri." Kila mtu aliseme mara moja kwa sauti yake. Itachekesha, lakini siku simu italia kweli, mdomo utakuwa umezoea.

KAZI YA NYUMBANI

1. Kila mwanakikundi amfundishe mtu mmoja wa nyumbani maswali yale mawili: Nani alianza? Inakwenda wapi?
2. Wenye WhatsApp waweke kufuli ya pili kabla ya mkutano ujao. Katibu aandike wangapi wameweka, asiandike nambari zao.
3. Kamati ilete orodha ya akaunti zote za kikundi, na laini ambayo kila moja imeandikishwa. Mkikuta iliyoandikishwa kwa laini ya mtu aliyehama, ibadilisheni mapema kabla hamjaihitaji.

AZIMIO LA KIKUNDI

Mkikubaliana, andikeni katika kitabu cha kumbukumbu, kila mtu atie sahihi au alama ya kidole:

"Sisi wanakikundi tumekubaliana kwamba nambari ya uthibitisho ni ufunguo. Hatutamsomea mtu yeyote, hata akitaja jina la kiongozi wetu. Na kiongozi wetu hatatuomba hata siku moja."